Kisu cha kuchunia kinakata katikati, lakini karibu na ncha kinateleza: tatizo ni mkono, jiwe au chuma?

Mwana wa Kibosho (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Mwisho wa mwaka unakaribia, watoto na wajukuu wataanza kupanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na kama ilivyo kawaida ya huku kwetu mlimani Kilimanjaro, nyumba nyingi zitachinja. Ndiyo maana nimeanza kushughulikia visu mapema.

Nina kisu cha kuchunia ambacho makali yake yananyooka kutoka kwenye mpini hadi karibu nusu, kisha yanatuna na kupinda kwenda juu mpaka kwenye ncha. Nakinoa kwa kinoo cha pande mbili, nikianza na upande unaokwaruza na kumalizia na upande laini, kwa maji. Sehemu iliyonyooka inakuwa kali kiasi cha kunyoa vinyweleo vya mkono. Sehemu iliyopinda, ambayo ndiyo hasa inayotenganisha ngozi na nyama, inateleza juu ya karatasi bila kuikata. Jirani yangu anasema ni mkono, fundi mmoja wa mjini anasema chuma kimeharibika, na kijana wangu anasema jiwe limelika. Naomba maelezo yenye sababu, kwa kuwa maelekezo ya "jaribu hiki, jaribu kile" nimekwisha kuyapata ya kutosha.

Jambo la pili ni mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Makali yake yamepinda kwa ndani na hayagusi jiwe bapa kabisa. Wenzangu mnaunoaje nyumbani?

Tupa Bapa

Ndugu mleta uzi, jirani yako yuko sahihi. Kilaze kisu chako kwenye jiwe kwa pembe uliyoizoea, kisha kivute kuelekea ncha bila kubadilisha chochote mkononi, na mtu mwingine aangalie kwa upande, macho yakiwa sawa na uso wa jiwe. Ataona kwamba sehemu iliyonyooka inapokwisha, makali yanaachana na jiwe na kubaki hewani, kwa sababu jiwe ni bapa na makali yanapanda. Ikiwa ncha iko milimita 20 juu ya mstari wa sehemu iliyonyooka, na umeinamisha kisu kwa digrii 20, ncha hiyo inapita karibu milimita 7 juu ya jiwe. Haijaguswa, kwa hiyo haiwezi kuwa kali.

Dawa yake ni kuinua kiwiko taratibu pale mpindo unapofika kwenye jiwe, ili mpini upande na sehemu inayogusa ihame hatua kwa hatua mpaka kwenye ncha.

Dada wa Tengeru

Nakubaliana na Tupa Bapa kuhusu kugusa jiwe, lakini maelezo yake yameishia katikati. Watu wengi wanaoambiwa "inua kiwiko" huinua mpini na wakati huohuo hukunja kifundo cha mkono, hivyo mgongo wa kisu unasimama zaidi. Makali yanagusa jiwe kweli, ila kwa pembe nyingine kabisa. Kinachotakiwa ni kisu kizunguke ndani ya bapa lake lenyewe, kama gurudumu linavyobingirika, huku mwinamo wa bapa hilo juu ya jiwe ukibaki uleule.

Kuna mtego mwingine kwa wale wanaopima pembe kwa urefu wa mgongo kutoka kwenye jiwe. Pale kisu kinapokuwa na upana wa milimita 30, ukiinua mgongo milimita 10 unapata takribani digrii 20. Karibu na ncha upana unapungua, tuseme umebaki milimita 15. Ukishikilia zile milimita 10 zilezile kwa kudhani unadumisha pembe, umefika zaidi ya digrii 40, na hayo tena si makali ya kuchunia, ni makali ya shoka. Hapo unatakiwa ushuke mpaka milimita 5.

Mleta uzi, chukua kalamu ya wino mzito, paka makali yote pande zote mbili, kisha pitisha kisu kwenye upande laini mara chache kwa mwendo wako wa kawaida. Wino ukibaki kwenye makali na kutoka kwa juu kidogo, umelaza kisu kupita kiasi. Ukitoka kwenye makali tu kwa mstari mwembamba sana, umekisimamisha mno. Usipotoka popote, jiwe halikugusa.

Mkata Nyama

Salamu kutoka Arusha. Ninafanya kazi ya bucha na naona mmekimbilia kwenye hesabu kabla ya kuuliza kisu kinatumikaje. Sehemu iliyopinda ndiyo inayofanya kazi yote ya kuchuna. Ndiyo inayopita kwenye magoti, kwenye kifua na kwenye mfupa wa nyonga, na ndiyo inayokutana na vumbi lililoganda kwenye manyoya ya mbuzi waliotembezwa kutoka Longido au Simanjiro. Mchanga ulio kwenye manyoya unaua makali haraka kuliko mfupa. Ndiyo maana mchunaji mwenye uzoefu hupasua ngozi mara moja, kisha huingiza kisu chini yake na kukata kutokea ndani kwenda nje, ili makali yasisage vumbi.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi ni hili: sehemu hiyo unaipima mara tu baada ya kunoa, au baada ya kuchuna mnyama mmoja?

Mwana wa Kibosho (mleta uzi)

Asante Mkata Nyama. Ninapima papo hapo baada ya kunoa, kabla kisu hakijagusa kitu kingine. Hoja yako juu ya mchanga naikubali, na njia ya kukata kutokea ndani nitawafundisha vijana, lakini haielezi tatizo langu. Dada wa Tengeru, kalamu nitaitafuta leo.

Mkata Nyama

Inaeleza nusu yake, ndugu yangu. Sehemu inayochakaa zaidi inahitaji kunolewa zaidi. Ukiipa mipito sawa na sehemu ambayo haikufanya kazi, sehemu ya nyuma itafika kwenye makali mapema na ya mbele itakuwa bado njiani. Anza na mpindo peke yake kwenye upande unaokwaruza, na usihamie upande laini mpaka usikie kwa kidole gumba ule unyuzi wa chuma, yaani ukingo mwembamba unaosukumwa na kunoa, umekunjika upande wa pili kwa urefu wote wa mpindo. Kidole kipite kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe kisipite kufuata urefu wa makali. Unyuzi usipotokea, chuma cha pande mbili hakijakutana, na upande laini hautasaidia chochote hata ukisugua mpaka jioni.

Mzee wa Mamba

Vijana, mnazungumza vizuri, lakini hakuna aliyeuliza kama kisu hicho kimewahi kupelekwa kwenye mashine.

Huku Mamba, jirani na Marangu, wahunzi bado wapo, na zamani chuma chao kilitoka Ugweno, kwa Wapare, ambao walikuwa mabingwa wa kuyeyusha. Siku hizi visu vingi vya kienyeji hufuliwa kutoka kwenye springi za magari, na chuma chake ni kizuri sana kikitiwa matiko, yaani kugumishwa kwa moto, inavyopasa. Mhunzi akishakizamisha kikiwa chekundu, hukipasha tena moto kidogo ili kisivunjike, na kwa kisu moto huo wa pili huwa kati ya nyuzi joto 180 na 230 hivi. Sasa kijana wa grainda akikishika kisu hicho, cheche zikiruka kila upande, makali yanaweza kupita nyuzi 300 kwa muda mfupi sana. Ukiona rangi ya buluu kwenye chuma, ujue hapo matiko yamelegea. Ncha ina chuma kidogo, haina pa kupelekea joto, kwa hiyo huungua kabla ya sehemu nyingine yoyote. Kisu cha namna hiyo kitanoleka, lakini makali yatajikunja yakigusa kitu chochote, hata karatasi.

Mwana wa Kibosho (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Kisu hicho nilikirithi, na kabla yangu sijui kilipita wapi. Karibu na ncha kuna kivuli cha rangi kama zambarau, ambacho siku zote nilidhani ni kutu iliyosuguliwa.

Mzee wa Mamba

Marahaba. Hicho si kutu.

Grainda Sakina

Mzee wangu, kwa heshima zote, watu wa upande wa Marangu mkiona cheche tu mnatangaza msiba. Mimi ninanoa kwa mashine na wateja wangu wanarudi. Ndoo ya maji iko pembeni, kila mpito mmoja ninazamisha kisu, na chuma hakipati nafasi ya kuungua. Na hata kikiwa buluu kidogo, ukikizamisha mara moja kikiwa bado cha moto, matiko yanarudi.

Tupa Bapa

Hilo la mwisho, Grainda, ni kosa ambalo linarudiwa sana na inafaa lisahihishwe hapa. Kuzamisha chuma cha buluu majini kunakipoza tu. Ili matiko yarudi, chuma lazima kipashwe mpaka kiwe chekundu, kiasi cha sumaku kutokishika tena, jambo ambalo hutokea karibu na nyuzi 770, ndipo kizamishwe kwenye maji au mafuta kulingana na aina ya chuma, kisha kipashwe ule moto wa pili aliousema Mzee. Kazi hiyo ni ya mhunzi na haifanyiki kwenye ndoo iliyo kando ya mashine.

Ndoo yenyewe ni nzuri na ninakupongeza kwa kuwa nayo. Hata hivyo, kinachoungua ni ukingo mwembamba kuliko karatasi, na ukingo huo hupata moto ungali umegusa jiwe, kabla hujafika kwenye maji. Unaweza kukishika kisu kwa mkono mtupu, ukakiona ni cha vuguvugu tu, huku ukingo wake umekwisha kulegea. Mashine yenye jiwe linalozungushwa polepole kwa miguu, kama zile za wanoaji wa baiskeli wanaopita mitaani Moshi, haina hatari hiyo kwa kiwango hicho.

Grainda Sakina

Sawa, la kuzamisha nimelipokea. Lakini tukumbuke kwamba rangi ya buluu inaweza kutoka kwa msasa, kwa hiyo kisu kisicho na rangi kinaweza kuwa kimeungua, na chenye kivuli cha rangi kinaweza kuwa kimeungua juu juu na kisha kikanolewa mpaka sehemu hiyo ikaisha. Mzee hawezi kutoa hukumu kwa kivuli.

Mwana Hesabu wa Majengo

Naomba nirudi kwenye hoja ya kijana wa mleta uzi, kwamba jiwe limelika, kwa kuwa imepuuzwa. Mawe mengi ya majumbani yana bonde katikati. Weka rula juu ya kinoo na uangalie kama mwanga unapita chini yake. Kama unapita, tandaza msasa wa maji kwenye kioo kinene au kigae, lowesha, kisha sugua uso wa jiwe hapo mpaka mistari ya penseli uliyoichora juu yake ifutike yote.

Dada wa Tengeru

Kulinyoosha jiwe ni jambo jema, lakini nadhani hoja hii inapingana na dalili zenyewe. Jiwe lenye bonde halikutani vizuri na makali yaliyonyooka, maana hugusa kingo na kuruka katikati. Makali yaliyotuna ndiyo yanayoingia vizuri kwenye bonde. Kama jiwe lingekuwa mkosaji, mleta uzi angelalamika kinyume chake.

Mwana Hesabu wa Majengo

Hiyo ni kweli kama bonde linakatiza upana wa jiwe na kisu kimelazwa sambamba nalo. Mara nyingi bonde hufuata urefu, kwa sababu tunavuta kisu mbele na nyuma, na hapo kisu hushuka kikiwa kwenye mteremko na kumalizia kwenye mwinuko. Pembe inabadilika katika kila mpito bila mkono kufanya chochote, na kwa kuwa ncha ndiyo inayomalizia mpito, ndiyo inayopokea mwinuko. Sijasema ni sababu pekee. Nimesema isifutwe.

Mama Migomba wa Uru

Jamani, mleta uzi aliuliza mambo mawili, na la mundu limeachwa kama halikuulizwa. Mimi ninakata majani kila siku, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Mundu mwingi umechongwa upande mmoja tu, na upande wa pili ni bapa. Geuza mkononi uangalie kabla ya kuanza. Ule upande uliochongwa ndio unaonolewa, na pembe yake usiibuni, ifuate ilivyo. Tumia tupa ya nusu duara, upande wake wa mviringo, ukisukuma kutoka mpinini kwenda nchani huku ukiizungusha kidogo. Tupa inakata inaposukumwa, kwa hiyo inyanyue unaporudi, kwani kuivuta nyuma ikiwa imekandamizwa kunavunja meno yake. Ukimaliza na tupa, funga msasa wa maji namba 400 kwenye mpini wa fagio na upite palepale, kisha namba 1000 ukiwa nao. Mwisho geuza mundu, laza msasa sambamba kabisa na ule upande bapa, na upitishe mara moja au mbili tu kuondoa unyuzi. Ukiinua pembe upande huo, mundu utaanza kuruka majani badala ya kuyakata, na kuurudisha ni kazi kubwa.

Mundu wenyewe ukandamize kwenye gogo kwa mguu au uubane kwa kibanio cha seremala, makali yakitazama mbali nawe, na mkono unaoshika tupa uvae glovu nene. Makali ya mundu yamepinda kuuzunguka mkono unaonoa, na mkono ukiteleza hakuna nafasi ya kuuondoa.

Kijana wa Himo

Mama Migomba, asante sana. Na ule mundu wenye meno madogomadogo?

Mama Migomba wa Uru

Huo una mifereji iliyochongwa upande mmoja. Upande wa mifereji usiuguse. Unanoa upande laini tu, na kadiri chuma kinavyopungua, mifereji hutokeza meno mapya kwenye makali. Mifereji ikiisha, meno yameisha.

Mkata Nyama

Nyongeza ndogo kwa wasio na tupa wala msasa. Geuza kikombe au sahani ya kauri juu chini na utaona duara lisilo na vanishi pale inapokaa mezani. Kauri hiyo ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Haitarudisha kisu kilichokufa, lakini inamalizia makali vizuri, na kwa kuwa ni ukingo mwembamba badala ya uso bapa, inafuata mpindo wa nje na hata wa ndani bila shida. Jikoni kwangu ndiyo inayotangulia kabla ya kisu kufika mezani.

Tupa Bapa

Na kwa wanaotumia mafuta kwenye kinoo: ukishaanza na mafuta, endelea nayo kwenye jiwe hilo. Mafuta yakishaingia kwenye matundu, maji hayasafishi tena unga wa chuma, na jiwe huanza kuteleza.

Mwana wa Kibosho (mleta uzi)

Narudi na majibu. Nimepaka wino kama Dada wa Tengeru alivyoelekeza. Kwenye sehemu iliyonyooka umetoka wote. Kwenye mpindo umetoka kwa mstari mwembamba sana pembeni kabisa ya makali, na kwenye upana wa kidole kimoja wa mwisho kabla ya ncha haukutoka kabisa. Rula imeonyesha bonde dogo katikati ya jiwe, kwa urefu. Kile kivuli cha zambarau kinaanzia hapohapo ambapo wino haukutoka.

Dada wa Tengeru

Mstari mwembamba maana yake umekisimamisha mno, na kidole cha mwisho hakikuguswa. Kwangu mimi hilo linatosha kueleza yote, kabla hata hatujafika kwenye moto.

Mzee wa Mamba

Linaeleza kwa nini hakina makali leo. Halielezi kama kitayashika kesho. Chukua tupa ndogo iliyo mpya, uipitishe kwa wepesi kwenye chuma karibu na mpini, kisha uipitishe kwa nguvu ileile pale penye kivuli. Ikiteleza karibu na mpini na kung'ata penye kivuli, hapo hapana matiko tena.

Grainda Sakina

Mzee, visu vingi vya dukani tupa inang'ata kila mahali, kwa sababu havikutiwa ugumu mkubwa tangu kiwandani, na bado vinachuna. Kipimo hicho kinafaa kwa visu vya springi.

Mzee wa Mamba

Ndiyo maana nimesema apime sehemu mbili na alinganishe. Siangalii kama inang'ata, naangalia tofauti. Na tofauti ikiwepo, kisu hakitupwi. Chuma kilichoungua mara nyingi ni ukingo tu, milimita chache. Akisage taratibu kwenye kinoo cha maji, upande unaokwaruza, mpaka apite kile kivuli na kukuta chuma kizima. Mpindo utapungua kidogo na kisu kitakuwa kifupi.

Mkata Nyama

Kikipungua mpindo kitaanza kutoboa ngozi badala ya kuisukuma. Mimi nisingesaga. Ningerekebisha pembe kwanza kama alivyosema Dada, nichune nacho mbuzi mmoja, ndipo nione kama makali yamejikunja.

Mwana wa Kibosho (mleta uzi)

Asanteni nyote. Tupa mpya nitainunua Mbuyuni kesho asubuhi, na jiwe nitalinyoosha jioni hii. Mkata Nyama, kabla sijaamua chochote, naomba unieleze: mpindo wa kisu chako cha kuchunia unaanzia wapi, nusu ya urefu au theluthi ya mwisho?

Mkata Nyama

Theluthi ya mwisho. Cha ng'ombe kinaanza mapema zaidi.